Ua wa Miti: Mapatano Kwanza, Jembe Baadaye

Hotuba kwa wakulima wa vijijini



Leo hatukuja kusema habari za mbegu mpya wala za bei ya mazao. Twataka kusema habari za ua, yaani ua wa miti iliyo hai, uzungukao bustani, au shamba, au mji wa mtu. Huenda wako watakaosema, "Ua ni jambo dogo, nani asiyejua kuchomeka kijiti ardhini?" Ni kweli, kuchomeka kijiti si kazi ngumu. Lakini keti siku moja barazani pa wazee usikilize mashauri yanayoletwa. Hutakosa kusikia mambo haya mawili: mbuzi wa fulani amekula mboga za fulani, na fulani amevuka mpaka wa fulani. Mambo hayo mawili yana dawa moja, nayo ni ua uliopandwa vema. Na ua uliopandwa vibaya huleta shauri la tatu, lililo zito kuliko yale mawili, maana mbuzi aweza kufungwa kamba, lakini mti uliokwisha kushika mizizi katika ardhi ya mwenzako hauondoki kwa maneno.

Basi neno letu la leo ni hili: ua ni mapatano kabla ya kuwa miti. Mtu akianza kwa jembe hujitafutia ugomvi. Akianza kwa mapatano, jembe humfuata kwa amani. Tutasema kwanza kwa nini ua uwe hai, kisha mapatano, kisha kupima, kisha kuchagua mti, kisha kupanda na kutunza.

Kwa nini ua uwe hai

Katika wilaya nyingi zenye mvua haba watu huzungushia bustani zao matawi ya miiba yaliyokatwa porini. Ua huo hufaa siku ile unapowekwa. Lakini mchwa huanza kuula toka chini, jua huukausha toka juu, na baada ya misimu michache umekuwa takataka. Moto wa nyika ukipita karibu, ua huo huwa kuni zake. Basi panga huingia porini tena, na migunga hukatwa tena, mwaka huu na mwaka ujao, hata watu wakashangaa mbona pori limerudi nyuma na wanawake huenda mbali kutafuta kuni. Ua mkavu huoza kila siku. Ua hai hukua kila siku. Mwaka wa kwanza ni mnyonge, wahitaji kulindwa kama mtoto. Mwaka wa pili huanza kushikana. Ukitunzwa, baada ya hapo hukulinda wewe na watoto wako.

Wala hatuleti jambo geni. Wasukuma tangu zamani wamezungushia miji yao na mazizi yao minyaa. Wamasai huuita ua wa namna hiyo emanyara, na husemwa kwamba jina la ziwa Manyara limetoka katika neno hilo. Wachaga wa Kilimanjaro hupanda masale kandokando ya vihamba na njia zao, na jani la sale kwao si alama ya mpaka tu, bali ni alama ya amani. Mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani hilo kuomba msamaha. Tazameni hekima ya wazee hao: mti uwatengao majirani ndio uwapatanishao.

Mapatano

Kabla ya kukata kijiti kimoja, mwite jirani yako. Usimwite siku ya kupanda; mwite miezi miwili au mitatu kabla, wakati wa kiangazi, watu wanapokuwa na nafasi na mioyo imetulia. Waite pia wazee wanaoujua mpaka, na mjumbe au mwenyekiti wa mahali penu. Tena waiteni wake zenu na watoto wenu wakubwa. Mara nyingi mwanamke ndiye alimaye mpaka ukingoni mwa shamba mwaka hata mwaka, naye ajua jiwe lilikuwa wapi na kisiki kilikuwa wapi. Mume akifa, mjane akiwa hakuonyeshwa mpaka mbele ya mashahidi, ni rahisi mtu mwenye tamaa kupanda ua wake hatua tatu ndani ya shamba la yatima na kusema, "Hapa ndipo palipokuwa siku zote." Twasema wazi: ua uliopandwa hivyo ni wizi, hata ukipendeza machoni.

Mkiisha kukutana, tembeeni juu ya mpaka wote, toka pembe hata pembe. Kila pembe wekeni jiwe kubwa lililofukiwa nusu, au mti mmoja ulio tofauti na miti ya ua. Kisha patanieni mambo haya matano. La kwanza, je, ua utakuwa juu ya mpaka wenyewe, uwe wa wote wawili, au ndani ya shamba la mmoja, uwe wake peke yake? La pili, ni mti gani utakaopandwa? La tatu, nani ataleta miche na nani atachimba? La nne, nani atakata matawi, na kuni na matunda yake ni ya nani? La tano, njia ya kwenda mtoni, kisimani au shuleni itapita wapi? Maana si haki mtu kuziba kwa miiba njia ambayo watu wote wameipita tangu zamani.

Ikiwa jirani hakukubali ua uwe wa shirika, usimlazimishe. Panda katika ardhi yako, futi tatu ndani ya mpaka, ili siku ya kukata matawi upate kusimama pande zote mbili bila kukanyaga mahali pa mtu. Utapoteza ukanda mwembamba wa ardhi, lakini utapata usingizi. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo mkiisha kupatana, andikeni katika karatasi majina yenu na ya mashahidi, tarehe, alama za pembe, na idadi ya hatua toka pembe moja hata ya pili. Kila mmoja awe na karatasi yake.

Ziko habari za Kenya zinazotufundisha jambo hili. Mwaka 1954 ulitolewa mpango wa kilimo uitwao kwa jina la Bwana Swynnerton, na katika miaka iliyofuata vipande vya mashamba vilivyotawanyika huku na huku, hasa katika nchi ya Wakikuyu, vilikusanywa, mtu akapewa shamba lake mahali pamoja. Wenye mashamba walitakiwa wapande ua juu ya mipaka, ili mistari ya miti ionekane katika picha zilizopigwa toka ndege na ramani zichorwe kwa picha hizo. Hata leo, katika sheria ya Kenya, mipaka mingi ya mashamba hutambulikana kwa vitu vinavyoonekana juu ya ardhi, kama ua. Lakini kazi ile ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, watu wengi wakiwa kizuizini. Wako waliorudi wakakuta mipaka imekwisha kukatwa na miti imeota, nao hawakuwapo kusema neno lao, na manung'uniko yao hayakwisha upesi. Funzo lake ni jepesi kulifahamu: ua una nguvu kama ushahidi, na kwa hiyo usipandwe wakati mwenye haki hayupo.

Kupima na kuhesabu

Watu wengi hupanda ua bila hesabu. Huanza kwa juhudi, miche huwaishia katikati, nao huacha pengo ambalo mbuzi hulijua kabla ya mwenyewe. Basi tuhesabu pamoja.

Eka moja iliyo mraba ina upande wa futi 209 hivi, na mzunguko wake ni futi 835 hivi. Ukipanda mti mmoja kila futi moja, katika mstari mmoja, wahitaji vijiti 835. Ongeza kimoja katika kila kumi kwa ajili ya vitakavyokufa, utapata 920 hivi. Sasa tazama shamba jingine la eka moja, lakini refu na jembamba, futi 417 kwa futi 104 na nusu. Ardhi ni ile ile, lakini mzunguko wake ni futi 1,043. Kwa hiyo mtu anayechagua mahali pa bustani yake, na achague umbo la mraba. Atapunguza kazi bila kupunguza ardhi.

Lakini faida kubwa ni ya shirika. Chukueni majirani wanne, kila mmoja ana eka moja ya mraba, nao wamepakana pande mbili mbili. Kila mmoja akizungusha ua wake peke yake, wote pamoja watapanda futi 3,340. Wakipatana kuzungusha ua mmoja kwa nje, mzunguko wote ni futi 1,670, yaani nusu tu. Kila mmoja atapanda futi 417 badala ya 835. Na mipaka ya ndani, kati ya jirani na jirani, waitie alama kwa masale au kwa mstari wa majani, maana ndani hakuna mbuzi wa kuzuia. Je, ni silaha gani ipunguzayo kazi kwa nusu bila fedha? Ni maneno mema kati ya watu wanne.

Usisahau lango. Lango la mtu aliyebeba mzigo kichwani lataka upana wa futi 4. Lango la gari la ng'ombe lataka futi 10. Liwe mahali ambapo miguu ya watu imekwisha kufanya njia, si mahali panapopendeza katika mawazo. Lango likiwa mbali na njia, watoto watatoboa ua, na tundu la mtoto leo ni mlango wa ng'ombe kesho.

Kuchagua mti

Hakuna mti mmoja ufaao kila mahali. Jiulize kwanza, wataka kuzuia nini? Ng'ombe, mbuzi, kuku, upepo, au watu? Kisha jiulize, nchi yako ina mvua kiasi gani? Kisha tazama miti ifuatayo.

Mnyaa huota katika nchi kavu kabisa, wala mifugo hawaupendi. Huoteshwa kwa matawi tu. Lakini twawaonya kwa nguvu: utomvu wake mweupe ni sumu kali kwa macho. Mtu akikata mnyaa na asimame penye upepo wa kuelekea kisogoni, ili matone yasimrudie usoni. Avae nguo ya mikono mirefu, wala asijiguse macho kabla ya kunawa kwa sabuni. Watoto wasichezee matawi yake. Utomvu ukiingia jichoni, oshwa papo hapo kwa maji safi mengi, robo saa nzima au zaidi, kisha upelekwe zahanati bila kukawia. Usingoje uone kama maumivu yatapoa, maana macho yaweza kudhurika vibaya. Kwa sababu hiyo hatushauri mnyaa kuzunguka shule wala uwanja wa watoto.

Mbono kaburi hupandwa mahali pengi pwani na bara. Mbuzi hawauli, nao huota upesi kwa vipande vya matawi. Mbegu zake zina mafuta yafaayo kwa sabuni na taa, lakini ni sumu kwa kula. Mtoto akizila hutapika na kuhara sana. Waambieni watoto mapema.

Mkonge wajulikana na wote. Uliletwa nchini mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf, kutoka Florida katika Marekani, na miche 62 tu ndiyo iliyosalia hai. Kutoka kwa hiyo michache yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro. Kwa ua, mkonge ni mgumu na hauogopi jua, na katani yake hufaa kwa kamba. Lakini una tabia moja ya kuangaliwa: huzaa machipukizi kandokando yake. Mtu akilima upande wake na kuyang'oa, na jirani akiyaacha upande wa pili, mstari huhama kidogo kidogo, na baada ya miaka kumi mpaka umetembea wenyewe. Basi mkiutumia mkonge mpakani, ng'oeni machipukizi pande zote mbili kila mwaka, na kuyatazama mawe ya pembe.

Mchongoma ule unaopandwa sana katika nyanda za juu za Kenya ulitoka Afrika ya Kusini, katika nchi za mto Kei. Miiba yake ni mirefu, na ukikatwa vema hata kuku hapiti. Matunda yake ya manjano ni machachu, nayo huliwa. Ubaya wake ni kwamba hukua polepole, na miche yake yapaswa kuoteshwa kitaluni kwa mbegu miezi mingi kabla ya kupandwa. Mtu mwenye haraka hautamfaa; mtu mwenye watoto utamfaa.

Iko tena miti ya chakula cha mifugo, kama mlusina, kaliandra na gilirisidia. Majani yake hunenepesha ng'ombe na mbuzi, na huurudishia udongo nguvu. Lakini kwa sababu mifugo huipenda, usiiweke nje ya ua, maana italiwa kabla ya kukua. Ipande mstari wa ndani, nyuma ya ua wa miiba au wa mnyaa, uwe unaikata na kuwapelekea mifugo. Majani ya mlusina yasipite theluthi moja ya chakula cha mnyama, kwa kuwa yakizidi humdhuru.

Na iko miti ambayo twawaomba msiipande kabisa. Wa kwanza ni lantana, ule wenye maua madogo mekundu na ya manjano. Uliletwa kwa uzuri wake, lakini ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu, na leo umeteka malisho mengi. Majani yake hudhuru ng'ombe, na vichaka vyake vizito huweza kuwa maficho ya mbung'o. Wa pili ni mpungate. Huko Laikipia nchini Kenya umeenea malishoni, na vijiba vyake vidogo huchoma midomo na matumbo ya mifugo. Wa tatu ni mkaratusi: si mbaya mahali pake, lakini mpakani hunyonya maji na kutia kivuli shamba la jirani, nao ni chanzo cha ugomvi. Mti ambao faida yake ni yako na hasara yake ni ya mwenzako, usiupande mpakani.

Kupanda

Mkiwa mmekwisha kupatana, kupima na kuchagua, tengenezeni ardhi kabla ya mvua. Penye masika na vuli, wakati mzuri ni kuanza kwa masika, maana mvua yake ni ndefu. Penye mvua moja tu, kama Dodoma na Singida, pandeni mara mvua za mwanzo zikiisha kuloweza udongo, msingoje katikati ya msimu.

Nyosheni kamba toka jiwe hata jiwe. Palipo tambarare, chimbeni mfereji wenye kina cha futi moja na upana wa futi moja, mkachanganye udongo na samadi iliyooza. Lakini penye mteremko, ikiwa mpaka washuka mlimani, msichimbe mfereji mmoja mrefu toka juu hata chini. Mvua ikinyesha, maji yatauona mfereji huo kuwa njia yao, na baada ya miaka michache hamtakuwa na ua, mtakuwa na korongo. Hapo chimbeni mashimo mbalimbali, kila mche na shimo lake, na kati ya shimo na shimo acheni udongo mgumu usioguswa. Na penye ua unaokingama mteremko, pandeni mstari wa majani ya tembo upande wa juu wake, ili udongo unaochukuliwa na maji uzuiliwe hapo.

Vijiti vya mnyaa vikatwe vyenye urefu wa futi moja na nusu hivi, viwekwe kivulini siku chache hata utomvu ukauke, ndipo vipandwe. Vikipandwa vibichi huoza upesi. Vipande vya mbono viwe na unene wa kidole gumba au zaidi, na urefu wa futi mbili, theluthi moja iingie ardhini. Angalieni sana kwamba upande uliokuwa chini mtini uwe chini ardhini. Kata ncha ya chini mshazari na ya juu sawasawa, nanyi hamtakosea gizani wala mchana.

Mkitaka ua mzito, pandeni mistari miwili, mmoja mbali na mwingine kwa futi moja, na miti ya mstari wa pili ikabili nafasi za mstari wa kwanza. Kazi huongezeka mara mbili, lakini ua hufunga mapema. Shindilieni udongo kwa kisigino, kisha funikeni shina kwa majani makavu ili unyevu usipotee. Ila penye mchwa wengi, majani yasiguse mche wenyewe.

Mwaka wa kwanza wekeni miiba mikavu upande wa nje kulinda miche. Huo ndio ukataji wa mwisho wa miiba porini. Kama miche ni ya namna ipendwayo na mbuzi, korogeni kinyesi cha ng'ombe katika maji mkaipake majani. Mbuzi huchukia harufu yake. Mvua ikiosha, pakeni tena.

Kutunza

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wakiona ua wao unapanda juu, hufurahi na kuuacha. Baada ya miaka mitatu ua una majani mengi juu, na chini ni miguu mitupu, mbuzi hupita kama mlangoni. Samaki mkunje angali mbichi. Miti ikifika futi mbili, ikateni ibaki futi moja. Mtaona uchungu, lakini kila shina lililokatwa hutoa machipukizi mengi pembeni. Ikifika futi tatu, ikateni ibaki mbili. Hivyo ua hujengwa toka chini, kama mwashi ajengavyo.

Umbo la ua liwe pana chini na jembamba juu, ili jua lifike hata shinani. Ua ulio mpana juu huitia kivuli miguu yake wenyewe, na miguu hiyo hukauka. Kwa bustani, urefu wa futi nne au tano watosha. Karibu na nyumba usipite kifua cha mtu, ili uone ni nani ajaye, na mwizi asipate mahali pa kujificha. Kateni mvua zinapoanza, wakati mti una nguvu ya kuchipua, msikate katikati ya kiangazi. Palilieni chini yake, nyoka wasipate maskani. Mazao ya ndani yaacheni mbali na ua kwa futi tatu. Hapo pawe njia ya kupita mkikata, na kila mwaka chimbeni kwa jembe kando ya njia hiyo kukata mizizi inayoingia bustanini.

Kila mwezi mzunguke ua wako. Ukiona mche umekufa, panda mwingine mvua ijayo, na kwa sasa ziba kwa mwiba. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Pengo moja katika ua wa futi 835 huzifanya zile futi nyingine zote kuwa kazi bure, kwa kuwa mbuzi hatafuti ua mzima, atafuta pengo.

Neno la mwisho

Mtatuuliza, "Na jirani asiyetunza upande wake?" Rudini katika karatasi. Mwendee kwa upole pamoja na mmoja wa mashahidi, mkumbushe alichokubali. Kama ni mgonjwa au mzee, au ni mjane asiye na mikono ya kumsaidia, kata upande wake pia. Siku mbili za panga ni bei ndogo kwa amani ya miaka. Wala asikudanganye mtu kwamba ua hutenga watu. Watu hutengwa na mpaka usiojulikana, kila mmoja akiuvuta kwake kwa jembe, shubiri moja mwaka huu na shubiri moja mwaka ujao. Mpaka ukijulikana, na miti yake ikitunzwa na wote wawili, kila mtu hulima hata mwisho wa haki yake bila hofu, na watoto wao hurithi shamba wala hawarithi kesi.

Basi, mabwana na mabibi, mvua bado hazijaanza, na ardhi ni ngumu kwa jembe. Lakini kwa maneno si ngumu. Hii ndiyo saa ya kumwita jirani na mzee mmoja au wawili, mkatembee mpakani pamoja. Na mwenye swali juu ya miti ifaayo nchi yake, na amwendee bwana shamba au bibi shamba wa mahali pake. Twawatakia kazi njema na mvua ya kiasi. Kwaherini.